Gramu Ishirini za Mvua

Kwa miaka minne baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mabuti yake ya mpira. Sura yake nilikuwa naiona kwenye picha iliyotundikwa sebuleni, na sebuleni kwenyewe niliingia akiwa hayupo. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Tunaita kutila, yaani kumwogopa mtu kwa heshima. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamtazamani, na mkikaribia kukutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba. Anayeingia kwenye migomba ni wewe mwanamke, bila shaka. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, nyumba nyingi za Tukuyu zilikuwa zimeshalegeza, hasa za watu wa kanisani. Nyumba niliyoolewa mimi, pale Bulyaga, ilikuwa ya wazee wa kanisa kabisa, na haikulegeza kitu. Mzee akitoka nyumba kubwa alikohoa mara mbili, nami nikajitosa migombani na ndoo yangu kichwani. Nimelowa kwa ajili ya kikohozi kile kuliko nilivyolowa kwa mvua, na mvua ya Tukuyu mnaijua.

Salamu zetu zilipitia kwa mama mkwe. Kila asubuhi nilipiga magoti nyuma ya ukuta wa jikoni nikasema, "Shikamoo baba." Mama mkwe, aliyekaa katikati yetu, aligeuka upande wa pili akasema, "Anasema shikamoo." Baba mkwe alikuwa na masikio ya kusikia tairi linalopungua upepo kule barabarani, lakini alisubiri mpaka afikishiwe. "Mwambie marahaba," akasema. Mama akanigeukia: "Anasema marahaba." Hapo siku ikaanza.

Kazi yangu ilikuwa ukarani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Naomba niliseme hili mapema kabla hamjasikia mengine: sikuwahi kumpunja mtu. Wakulima walisema nawapunja, maana mkulima wa chai akimwona karani ameshika kalamu anaona mwizi, lakini mimi mizani yangu ilikuwa safi na moyo wangu pia. Tulikuwa na mizani kubwa ya kuning'iniza kwa ajili ya magunia, na mizani ndogo ya sahani, ya gramu, kwa ajili ya kupimia sampuli. Unachota majani kidogo kwenye gunia, unapima, unatenga machanga na yaliyokomaa. Siku ya mvua kanuni ilikuwa kutoa gramu ishirini kwenye sampuli, kwa sababu majani yanakuja na maji yake. Nilifanya hivyo miaka saba. Ikafika mahali kazi nafanya huku napiga soga, na hesabu zinatoka sawasawa.

Halafu soko huria likatufikia. Shirika la serikali likafunga virago, akaja mnunuzi binafsi na mizani mpya zinazong'aa, na ile mizani ndogo ya zamani ikawekwa nje kwenye umande. Nikaiomba, nikapewa, nikaipeleka nyumbani jikoni. Mume wangu akaniuliza nitapimia nini, chumvi? Nikamwambia yasiyokuhusu. Sikujua kama mzee naye alikuwa ameshasikia habari za mizani ile kupitia ukuta.

Sasa niwaambie habari za gari. Baba mkwe alikuwa dereva na fundi wa shamba moja la chai kwa miaka thelathini. Alipostaafu aliachiwa gari dogo la Kiingereza, la kijani, lenye usukani mwembamba na viti vya ngozi. Lilitembea mwaka mmoja tu, injini ikafa. Ilikuwa miaka ile ya shida ya vipuri, hata plagi hupati, basi gari likakaa bandani chini ya mparachichi miaka tisa. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Ruksa ilipokuja na maduka ya Mbeya yakaanza kujaa vipuri kutoka kila pembe, mzee akatangaza kwamba anaishusha injini.

Mume wangu hakufurahi. Yeye alikuwa ameagiza pikapu ya Kijapani, ile ya mtumba inayokuja na harufu ya nchi nyingine, na alilitaka banda. Akaitisha kikao cha ukoo. Mimi nilikisikiliza kutoka jikoni. "Baba," alisema, "mwisho wa mwezi wa sita. Kama gari halijatoka bandani lenyewe, nitamleta mtu wa vyuma chakavu alitoe kwa nyundo." Mzee akakubali. Wazee wengine wakashuhudia.

Wote walidhani linaloshindaniwa ni banda. Mimi nilijua si banda, maana mama mkwe aliniambia tukimenya ndizi.

"Mwanangu," alisema, "mimi ni mke wa dereva miaka thelathini. Amembeba meneja, amembeba mke wa meneja. Amembeba na mbwa wa meneja, tena mbele, kando yake, jibwa limetoa ulimi dirishani. Mimi gari la kazini siruhusiwi. Nilitembea kwa miguu kwenda kwetu Kisondela, yeye ananipita na mbwa, anapiga honi kunisalimu."

"Pole mama."

"Aliniahidi. Siku atakayopata gari lake, mimi nakaa mbele, ananishusha mlangoni kwa dada zangu. Ule mwaka mmoja lilipotembea, nilikuwa namwuguza mama yangu, sikupata nafasi. Dada zangu wananicheka mpaka leo. Wanasema nimeolewa na honi."

Alikuwa ameshashona kitenge cha safari hiyo. Alikificha kwenye sanduku, na mara mojamoja alikitoa akakinusa, kisha akakirudisha. Kuanzia siku ile na mimi nikalitaka gari lile litembee kuliko mzee mwenyewe.

Injini ilihitaji pistoni mpya nne, vile vikombe vinavyopanda na kushuka ndani yake. Mzee alikwenda Mbeya akapata mbili tu, za stoo ya zamani, zimefungwa kwa karatasi iliyobadilika rangi. Nyingine mbili ilibidi zisubiriwe kwa mfanyabiashara mwingine, ambaye bidhaa zake ziliingia kwa njia ya soko huria. Hapo ndipo mizani yangu ilipoingia. Mzee alisema, akiongea na mama mkwe lakini kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba pistoni zisizolingana uzito zitaitikisa injini mpaka ijiue. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja, mmoja ana mchi mzito na mwenzake mwepesi, kinu kitaanguka. Kwa hiyo zote nne zipimwe kwa gramu. Iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo kipimo, zilizobaki zinapunguzwa kwa tupa, upande wa ndani, taratibu, mpaka zilingane nayo.

"Mwulize," alimwambia mama mkwe, "kama mizani yake ni ya kuaminika."

"Anauliza kama mizani yako ni ya kuaminika."

Jamani, nilichemka. Wakulima waniulize hivyo, sawa, lakini ndani ya nyumba yangu? "Mwambie baba," nikasema, "mizani yangu haijawahi kusema uongo hata siku moja."

"Anasema ndiyo," mama akamwambia.

Pistoni mbili za kwanza zililetwa jikoni siku ya jua kali, jambo la kusimulia kwetu. Mama mkwe alizibeba kwenye kikapu, amezifunika na kanga kama anapeleka mtoto kliniki. Nikapima. Moja gramu mia nne kumi na mbili, nyingine mia nne kumi. Mama hakujua kusoma, akabeba hesabu kichwani, akavuka uwanja akiimba "mia nne kumi na mbili, mia nne na kumi" kwa sauti ya pambio mpaka kwa mumewe.

Zile mbili za pili zilikuja baada ya wiki kadhaa, mwezi wa tano, mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia sufuria ikichemka. Nikapima, nikaandika kwenye daftari langu, nikampa mama majibu: mia tatu tisini na moja, na nyingine mia tatu tisini na moja vilevile. Akajifunika mfuko wa mbolea kichwani akavuka uwanja anaimba.

Mzee alipiga ukelele wa ushindi. "Si nilisema! Si nilisema! Nyepesi! Gramu ishirini nzima wameiba!" Kisha akatoa hotuba. Alisema hii ndiyo ruksa, kila kitu kipo dukani na kila kitu ni chepesi. Sabuni nyepesi, mabati mepesi, sasa na pistoni. Zamani ulikuwa hupati kitu, lakini ukikipata unakisikia mkononi. Hotuba ile ilipendwa. Aliirudia kwa majirani, akaenda nayo kanisani akaitoa baada ya ibada, na nasikia kuna mzee wa Kinyala aliyeipeleka mpaka msibani. Watu walikuja bandani kushikilia pistoni, moja mkono huu moja mkono ule, wakatikisa vichwa. "Kweli kabisa," walisema. "Hii nyepesi." Kila mmoja aliusikia wepesi ule mkononi mwake.

Mimi nilijisikia vizuri sana. Kwa mara ya kwanza watu walisema mizani yangu imemfichua mwizi badala ya kusema mimi ndiye mwizi.

Mvua zikaisha, mzee akaanza kupiga tupa zile mbili za kwanza, za stoo ya zamani, ili zishuke zilingane na hizi nyepesi. Ilimuuma. Nilimsikia akizisemesha: "Vumilia, vumilia, mtu mzima anajishusha kwa ajili ya watoto." Zililetwa jikoni siku za jua, nikapima, nikasema bado tisa, bado nne, bado moja. Hatimaye nikasema zimelingana. Akaifunga injini.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita mama mkwe alitoka amevaa kitenge kile, kilemba kirefu, viatu vya kisigino na mkoba. Ndani ya mkoba hamkuwa na kitu isipokuwa leso ya kupungia. Akakaa mbele. Mimi nilichungulia kwenye ufa wa ukuta wa jikoni, machozi yananilenga, na gari halijawaka bado.

Likawaka. Ee Mungu wangu! Sijapata kuona kitu kikitetemeka namna ile. Gari lilikuwa limesimama lakini linasogea upande. Parachichi tatu zilidondoka juu ya paa. Kidroo cha mbele kilifunguka kikatema kibiriti na biblia. Kilemba cha mama kilishuka taratibu mpaka kikamfunika macho, na mikono hakuweza kuinyanyua kwa sababu alikuwa ameng'ang'ania kiti. Mzee alikuwa anakazana na usukani, mashavu yanacheza. Kwa ushupavu tu akalitoa bandani, wakaishia kwenye kona.

Baada ya robo saa mama mkwe alirudi kwa miguu. Viatu mkono mmoja, mkono wa pili ameshika kitasa cha mlango. Alipita jikoni akakiweka kitasa mezani.

"Mama, vipi?"

"Afadhali mbwa wa meneja," alisema. "Mimi meno yangu sita, nilikuwa nasikia yanahesabiana."

Kisha akavaa ndala, akasema anakwenda Kisondela kwa dada zake na asiulizwe anarudi lini, akaondoka kwa miguu na kitenge chake kipya. Mzee alirudi nyuma yake, gari linasukumwa na majirani. Hakuna aliyecheka, nadhani kwa sababu uso wake haukuruhusu. Mume wangu, kusema kweli, hakumsimanga baba yake. Alisema tu Jumatatu atakwenda Mbeya kumleta mtu wa vyuma chakavu. Mzee akajibu, "Mlete. Gari halina kosa. Mikono yangu ndiyo imekwisha. Nimefunga vibaya, na sijui nimekosea wapi."

Sauti ile ilinitoboa. Mtu aliyefunga injini miaka thelathini anasema mikono yake imekwisha!

Jumatatu mume wangu alipoondoka nikabaki jikoni, na kwa uchungu tu nikatoa daftari nione tena zile hesabu. Ukurasa wa siku ya jua: 412, 410. Ukurasa wa siku ya mvua ulikuwa hivi, kwa mwandiko wangu mzuri wa kikarani: 411, toa mvua 20, baki 391. 411, toa mvua 20, baki 391.

Niliusoma mara tatu. Nikalifunga daftari. Nikalifungua nikiomba Mungu awe amebadilisha. Toa mvua ishirini! Kwenye chuma! Nilikuwa nimesikia bati linapigwa, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaitoza pistoni maji kama gunia la chai. Zote nne zilikuwa zimetoka dukani zikilingana, tofauti ni gramu moja mbili tu. Mzee alizikata mbili kwa tupa mwezi mzima kwa sababu ya mvua yangu, akazifunga na mbili nzima, na sasa alikuwa amekaa nje anailaumu mikono yake.

Aibu niliyoona siwezi kuielezea. Kwa muda kidogo, na nalisema ili nilitue, niliwaza kuichana karatasi ile na kuitia motoni. Jiko lilikuwa linawaka, karibu kabisa. Gari lingeuzwa, mizani ingebaki na jina lake, nami ningeendelea kuwa karani asiyekosea. Kisha nikakiona kile kitasa cha mlango mezani.

Lakini nitamwambiaje? Mume Mbeya, mama mkwe Kisondela, hakuna wa katikati. Mtu wa chuma chakavu anafika alasiri. Mzee amekaa kwenye kigoda karibu na banda, hatua kumi kutoka ukuta wangu, na sheria yetu haina kifungu cha dharura. Nikatazama huku na huku. Pale uwanjani, kati yangu na yeye, palikuwa na kuku mmoja mwekundu, anaparua.

Nikajifunika kanga, nikachuchumaa nyuma ya ukuta, nikasema kwa sauti, "Wewe kuku."

Kuku akainua kichwa. Mzee akaacha kukohoa.

"Wewe kuku, mwambie baba mikono yake haina kosa. Mwambie aliyekosea ni mizani. Hapana, mwambie mizani nayo haikukosea, ni mimi. Siku ya mvua nilitoa gramu ishirini za maji kwenye zile pistoni mbili, kwa mazoea ya chai. Hazikuwa nyepesi. Zilikuwa sawa na wenzao."

Kisha mzee akasema, polepole, "Kuku. Mwulize kama aliwahi kuona chuma kinakunywa maji."

"Kuku, mwambie hapana."

"Mwulize miaka saba ya ukarani alisomea wapi."

"Kuku, mwambie nisamehewe."

"Kuku, mwambie mimi nimekwenda..." Hapo kuku akachoka na mambo yetu, akajiondokea zake kuelekea kwenye migomba. Tukabaki bila mtu. Nikafumba macho.

"Mrudishe kuku!" mzee akapiga kelele. "Sijamaliza!"

Nikamwaga konzi ya mahindi, kuku akarudi mbio. Mzee akavuta pumzi. "Kuku," akasema, "mwambie mimi nimekwenda kutangaza wizi wa gramu ishirini kanisani. Nimewatukana watu wa Mbeya. Nimetukana uchumi. Kinyala wananinukuu msibani." Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye nyumba ile. Nilidhani anakabwa, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akapiga paja. Mimi nikaanza kucheka nyuma ya ukuta huku nalia, kanga nimeiuma kwa meno ili nisikiuke adabu.

"Mwambie asimwambie mtu," alisema mwishowe. "Habari ya wepesi wa bidhaa iendelee. Ni kweli, hata kama si kwa pistoni. Na mwambie awashe mizani."

Mizani yangu haikuwa ya kuwashwa, lakini nilimwelewa.

Mume wangu alipofika alasiri na mtu wa chuma chakavu, mwenye nyundo begani, aliikuta injini imeshuka tena, vipande vimepangwa juu ya mfuko, na baba yake anapiga tupa zile pistoni mbili nyingine. Dawa ilikuwa moja tu. Zile mbili haziwezi kurudishiwa nyama, basi hizi mbili nazo zinyolewe zifuatane nazo.

"Baba, huyu bwana amekuja kwa ajili ya gari."

"Gari haliuzwi," ikatoka sauti nyuma ya ukuta wa jikoni. Ilikuwa yangu, na wallahi sikuipa ruhusa.

Mume wangu akageuka. "Nani kasema?"

"Kuku," mzee akajibu bila kuinua macho. "Nipe mpaka Jumamosi."

Tulifanya kazi siku tano. Katikati ya uwanja palikuwa na jiwe la kufulia. Mzee aliweka pistoni juu yake, akakohoa, akageuka kulitazama banda. Nikatoka nimejifunika, nikaichukua, nikapima, nikaiandika kwa chaki "bado 14", nikairudisha jiweni, nikagonga mara mbili, nikarudi jikoni. Akaja akasoma. Siku ya tatu alianza kujibu kwa chaki. "Una hakika?" Nikaandika, "Ndiyo baba." Akaandika, "Mvua?" Nikaandika, "Hakuna baba." Siku ya nne ilinyesha kweli. Pistoni ikaja na maandishi: "Leo usitoze." Nilicheka mpaka maziwa yakaungua jikoni. Kwa sahani ile nilipima kila moja mara tatu, nikiwa nimeziba masikio kwa vidole nisilisikie bati. Ijumaa zote nne zilisoma mia tatu tisini na moja. Niliandika juu ya ile ya mwisho, "Sawa", nikagonga jiwe mara mbili.

Jumamosi mume wangu aliniletea ujumbe. "Baba anasema tunakwenda kumchukua mama Kisondela, na mizani iende ikajionee." Nikamwambia haiwezekani, gari moja na baba? Akasema mimi na yeye tunakaa nyuma, kiti cha mbele hakiguswi na mtu. Basi nikaingia kabla mzee hajatoka, nimejikunja nyuma ya kile kiti kitupu, kanga mpaka puani. Mzee akaingia akakohoa mara mbili kwa mazoea, na mimi nikashika kitasa nikimbie migombani, kwa mazoea. Kisha akakiona kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma. Akakielekeza kwenye paa. Tukaenda Kisondela bila kutazama nyuma, na kila kona mume wangu alitoa kichwa dirishani kumwangalizia.

Injini ilikuwa kama haipo. Mume wangu aliweka mkono mlangoni kutafuta mtetemo, akaukosa, akanitazama. Nikageukia dirisha. Kuku alikuwa ameniambia nisimwambie mtu.

Mama mkwe tulimkuta anapukuchua mahindi kwa dada zake watatu. Alipoona gari hakuinuka. Alitazama kwanza bodi kama inacheza. Mzee akashuka, akavua kofia, akamfungulia mlango wa mbele, akasimama ameushika, dereva kabisa, mgongo umenyooka. "Mama," alisema, "gari limefika." Hapo mama akainuka, akaingia ndani kubadilisha nguo, akatuweka nusu saa nzima. Alitoka na kitenge chake, kilemba, mkoba. Akawaaga dada zake mmojammoja, polepole sana, ili majirani wapate muda wa kufika. Akakaa. Akatoa leso, akapunga mpaka nyumba zikaisha, na alipomaliza aliendelea kupungia migomba.

Tulipoanza kupanda kuelekea Tukuyu alitaka kuona kama kilemba kimekaa vizuri. Akakivuta kile kioo kutoka kwenye paa, akajitazama, akajirekebisha, akatabasamu peke yake. Halafu akakisukuma kirudi, bila kufikiri, kikasimama kikitazama nyuma. Nilikuwa nimeshusha kanga kidogo kwa ajili ya joto. Nilipoinua macho, kwenye kioo palikuwa na macho ya mzee, mekundu kidogo, yenye mikunjo mingi pembeni, yananitazama.

Sikuwa na mgomba wa kuingia. Yeye hakukigeuza kioo, na hakukohoa. Nilijua lazima niseme kitu, na kitu chenyewe nilikuwa nacho miaka minne. Nikasema, kwa sauti ndogo ambayo Jumamosi iliyopita ndani ya gari lile hata mimi nisingeisikia, "Shikamoo baba."

Mama mkwe akamgeukia mumewe, akafungua mdomo. "Anasema..."

"Nimesikia," mzee akasema. "Marahaba, mwanangu."